Kumsema wa Kwenu

(Haya niliyasema mjini Tanga, mbele ya vijana wa msikitini na wa kanisani walioniita kama mwalimu wao wa zamani wa historia. Nimeyaandika upya kutoka kwenye karatasi zangu, na pale nilipotoka nje ya karatasi nimejaribu kukumbuka.)

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, kaeni, viti vinatosha. Na yule aliyesimama mlangoni aingie ndani, anatuzibia upepo.

Kijana aliyenipigia simu alisema, "Mwalimu, tunaomba utuzungumzie amani ya Waisraeli na Wapalestina." Nikamjibu, mwanangu, amani hiyo sijaiona, nitazungumza nini? Akacheka, akasema nitafute chochote. Basi nimetafuta. Nitawasimulia habari za Wayahudi wachache, raia wa kawaida, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakiitafuta amani hiyo kwa njia ngumu kuliko zote, yaani kwa kuwaudhi ndugu zao wenyewe.

Najua nimesimama wapi. Humu ndani wapo wanaoiombea Yerusalemu kila Jumapili na bendera ya nyota ukutani, na wapo ambao Ijumaa baada ya swala humlilia Mpalestina kama mtoto wa tumbo lao. Kila mtu ana timu yake, Simba na Yanga. Sikuja kumhamisha mtu timu. Nataka tu kuwaonyesha watu waliozaliwa ndani ya timu, wakavaa jezi yake, halafu wakasimama mbele ya mashabiki wao wakasema: hapa tumecheza rafu.

Nimekuja na hiki. Mjukuu wangu amekikata jana usiku kwenye karatasi ya manila, akakipaka wino mweusi, na meza yangu ya kulia chakula haitasafishika tena. Ni kiganja. Kiganja cha mkono kilichonyooshwa, kama cha askari wa barabarani anaposimamisha lori. Katikati kuna maneno mawili ya Kiebrania kwa maandishi meupe: *dai lakibush*. Kwa lugha yetu ningesema, "Ukaliaji basi!"

Ukaliaji gani? Ule ulioanza Juni 1967, Israel ilipotwaa Ukingo wa Magharibi, Gaza na Yerusalemu Mashariki katika vita vya siku sita. Desemba 1987, baada ya miaka 20 ya kuishi chini ya jeshi, Wapalestina waliinuka. Hiyo ndiyo Intifada ya kwanza. Na Januari 1988, mwezi mmoja tu baadaye, wanawake wachache wa Kiyahudi walivaa nguo nyeusi, wakaenda kusimama katika Uwanja wa Paris, upande wa magharibi wa Yerusalemu, si mbali na makazi ya waziri mkuu. Walisimama kimya, kila mmoja na kiganja kama hiki. Wakarudi Ijumaa iliyofuata, na iliyofuata. Wakaitwa Wanawake Waliovaa Nyeusi.

Tazameni walivyochagua saa. Ijumaa, saa saba mpaka saa nane mchana. Kwa Wayahudi Sabato inaingia jioni ya Ijumaa, kwa hiyo saa hizo mji mzima uko mbioni: huyu anawahi mkate, huyu anawahi basi la mwisho, huyu anaenda kwa mama mkwe. Ni kama sokoni Mgandini mkesha wa Idi. Wale akina mama walijiweka pale ambapo hakuna mtu wa mji ule angeweza kusema hakuwaona. Na nguo nyeusi ni ya msiba. Huku kwetu bibi zangu wangejitanda kaniki. Waliulia msiba ambao mji ulikuwa unaupita mbio ukiwa na mifuko ya sokoni.

Je, mji uliwapokeaje? Walitemewa mate. Walirushiwa mayai na nyanya. Madereva walishusha vioo wakawaita wasaliti, wakawaita malaya wa Arafat, kiongozi wa Wapalestina wakati ule, na mengine ambayo siwezi kuyatamka mbele ya wazee hawa. Nimejiuliza kwa nini matusi yale yalikuwa ya namna ile, ya mwili, ya kitandani. Nadhani mwanamume anayelikosoa jeshi anaitwa mwoga, basi. Mwanamke akilikosoa, watu wanataka kujua analala na nani. Hili hata Tanga tunalijua.

Hawakujibu matusi. Ndiyo ilikuwa kanuni, kusimama na kunyamaza. Mara nyingi hutajwa kwamba mfano wao mmoja ulitoka Afrika: wanawake wazungu wa Afrika Kusini wa Black Sash, jumuiya iliyoanza mwaka 1955, waliokuwa wakisimama kimya barabarani wamejifunga mshipi mweusi kupinga sheria ambazo wao wenyewe walifaidika nazo. Kutoka Uwanja wa Paris jambo likaenea Tel Aviv, Haifa, na njia panda nyingine nyingi za Israel. Likavuka bahari mpaka London na New York. Mwaka 1991 likafika Belgrade, wanawake wa Kiserbia wakasimama mbele ya serikali yao, si ya jirani, wakati Yugoslavia inaungua.

Hapo kwenye "serikali yao, si ya jirani" naomba tukae kidogo.

Sisi tukizungumzia vita vya watu, tuna methali tunayoikimbilia. Mmeshaijua. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Nimeifundisha miaka 31 na leo nimeichoka. Inamfanya kila mtu nyasi, na nyasi hazina kosa, hazina kura, hazilipi kodi. Wale wanawake walikataa kuwa nyasi. Walisema: fahali mmoja ni wetu, tumemlisha, tumempigia kura, watoto wetu ndio pembe zake. Hawakuandika kwenye kiganja "Nyote wawili acheni ugomvi." Wangeandika hivyo, pengine hata yai moja lisingewapata.

Wayahudi wa Marekani walikuwa wameshaonja shubiri hiyo kabla yao. Kuna msemo Israel, *ein breira*, maana yake hatuna jinsi. Mtu akiuliza kwa nini tunapigana tena, anajibiwa ein breira. Mwaka 1973 likaundwa kundi la Wayahudi huko Marekani, wengi wao marabi na vijana wasomi, wakajiita Breira. Waliondoa tu neno la kukana. Jinsi ipo! Mwenyekiti wao alikuwa Rabi Arnold Jacob Wolf. Walisema Israel izungumze na Wapalestina na ikubali kwamba nao ni taifa. Leo maneno hayo yanasemwa na wanadiplomasia wakinywa chai, lakini wakati ule yalikuwa kashfa. Baadhi yao walipokutana na watu wenye uhusiano na PLO, chama cha ukombozi wa Palestina, mwaka 1976, jumuiya yao iliwageukia: magazeti yao wenyewe, mashirika yao wenyewe. Mkutano wao mkuu wa 1977 ulivamiwa na Wayahudi wenzao wenye siasa kali. Mwaka huohuo kundi likaanza kusambaratika. Lilidumu miaka minne hivi, na wajukuu wa hoja zake bado wanabishana kwenye masinagogi mpaka leo.

Na wapo waliolipa zaidi ya kazi na heshima. Februari 1983 katika maandamano ya Peace Now, kundi la Waisraeli wanaodai amani, mjini Yerusalemu, Myahudi mmoja aliwarushia waandamanaji bomu la mkono, akamuua Emil Grunzweig. Novemba 4, 1995, waziri mkuu Yitzhak Rabin alipigwa risasi akitoka kwenye mkutano wa hadhara wa amani Tel Aviv, na aliyempiga alikuwa kijana wa Kiyahudi mwenye imani kali. Kwa hiyo mkisikia mtu anasema "Wayahudi wote lao moja," mwambieni waliuana kwa sababu lao si moja.

Sasa niwaambie kitu changu, na nitakisema mara moja tu. Kaka yangu, Mungu amrehemu, alisogeza mpaka wa shamba letu la minazi. Huku kwetu mnajua mipaka mingi ni mikonge. Aling'oa mikonge mitatu usiku akaipanda upya ng'ambo ya mnazi wa jirani, hatua nne. Nilikuwepo likizo. Asubuhi niliona udongo mbichi. Jirani alipokwenda kulalamika baraza la kata, wakaniita, mwalimu, mtu wa kuaminika, wakaniuliza mpaka ulikuwa wapi. Nikasema sikumbuki vizuri. Mnazi mmoja! Hakuna aliyenitemea mate, hakuna aliyeniita msaliti, nilinyamaza kwa ajili ya nazi za mnazi mmoja na uso wa kaka yangu mezani. Tangu siku ile nikisoma habari za mtu aliyesimama njia panda akawaambia ndugu zake mmekosea, siisomi haraka.

(Hapa ukumbi ulinyamaza, nikanywa maji.)

Haya, tuondoke barabarani tupande gari.

Mwaka 1993 mwanamume mmoja wa Israel, seremala, Yuval Roth, alimpoteza ndugu yake Udi, aliyeuawa na watu wa Hamas. Roth akajiunga na jukwaa la wafiwa, Waisraeli na Wapalestina waliopoteza watoto, wenzi, ndugu, na wakaamua kukaa chumba kimoja. Lilianzishwa mwaka 1995 na Yitzhak Frankenthal, baba aliyeuliwa mwanawe. Wakati wa Intifada ya pili watu hawa walifungua simu ya bure: Mwisraeli anapiga, anaunganishwa na Mpalestina yeyote aliye tayari kuongea, na kinyume chake. Mamia ya maelfu ya simu zilipigwa. Wengine walipiga watukane. Lakini walipiga.

Katika jukwaa hilo Mpalestina mmoja alimwomba Roth msaada mdogo. Ndugu yake anaumwa, ana kibali cha kutibiwa hospitali Haifa, ila hana namna ya kufika. Ngojeni niwaeleze ugumu uko wapi, maana hapa ndipo siasa inapogeuka kuwa pleti namba. Magari ya Israel yana namba za njano. Magari ya Wapalestina wa Ukingo wa Magharibi yana namba nyeupe na kijani, nayo hayaruhusiwi kuingia Israel. Kwa hiyo mgonjwa mwenye kibali chake halali mkononi anashushwa kwenye kizuizi cha jeshi barabarani, anavuka kwa miguu, na ng'ambo ya pili yuko peke yake, kilomita nyingi kutoka hospitali, na teksi inataka hela ambayo kibarua haipati kwa siku kadhaa. Fikirieni mama na mtoto anayetibiwa saratani, wiki baada ya wiki.

Roth alimpeleka yule mgonjwa. Akaombwa tena. Akawaomba marafiki wenye magari. Mwimbaji Leonard Cohen alipopata habari zao akawatumia dola 10,000, nao ikabidi wajiandikishe rasmi, wakawa chama mwaka 2010. Kwa Kiebrania jina lake ni Njia ya Kupona. Kazi yake ni hiyohiyo tu: kuamka alfajiri, kwenda kizuizini, kumchukua mgonjwa, kumfikisha hospitali, kumrudisha. Gari na muda ni vya dereva. Wengi wao ni wastaafu, watu wa rika langu, ambao wangeweza kuwa nyumbani wanamwagilia maua.

Kwenye gari hakuna hotuba. Mara nyingi dereva hajui Kiarabu, mama hajui Kiebrania. Mtoto analala. Kuna mfuko wa juisi, kuna kiti cha mtoto ambacho dereva amekifunga tangu usiku. Kwa Wapalestina wengi wa Ukingo wa Magharibi, Mwisraeli waliyemwona kwa karibu maisha yao yote ni askari au mlowezi. Huyu wa gari ni wa tatu.

Yupo mwanamke mmoja katika madereva hao. Vivian Silver alizaliwa Winnipeg, Kanada, mwaka 1949, akahamia Israel akiwa kijana, na tangu 1990 akaishi Be'eri, kibutzi iliyo karibu kabisa na uzio wa Gaza. Wazee wangu mliopitia vijiji vya Ujamaa mtaelewa kibutzi bila maelezo, isipokuwa kule waliingia kwa hiari. Vivian aliwachukua wagonjwa wa Gaza kwenye kivuko cha Erez akawapeleka hospitali. Baada ya vita vya Gaza vya 2014, vilivyodumu siku 50, yeye na wenzake wakaanzisha Wanawake Watenda Amani. Hawa hawakuvaa nyeusi, walivaa nyeupe. Waliweka hema karibu na nyumba ya waziri mkuu wakafunga kwa zamu siku 50. Waliwatafuta kwa makusudi wanawake wa mrengo wa kulia na wa dini, kwa sababu, walisema, amani ya watu wa mrengo mmoja haitapita bungeni. Oktoba 2016 waliandamana wiki mbili kutoka mpaka wa kaskazini mpaka Yerusalemu, na mgeni wao njiani alikuwa Mwafrika, Leymah Gbowee wa Liberia, kiongozi wa wale akina mama waliokaa juani karibu na soko la samaki la Monrovia mwaka 2003 mpaka wababe wakaenda mezani. Walisema wazi kwamba somo walilitoa Liberia. Nani kasema sisi ni wa kufundishwa tu?

Mwaka 2021 upande wa pili ukapata chama chake, Wanawake wa Jua, akina mama Wapalestina wa Bethlehem, wakiongozwa na Reem Hajajreh. Oktoba 4, 2023, vyama viwili hivi vilikusanyika pamoja, asubuhi Yerusalemu, kisha kando ya Bahari ya Chumvi, kudai serikali zao zirudi mezani. Vivian alikuwepo. Hiyo ilikuwa Jumatano.

Jumamosi ilikuwa Oktoba 7.

Wapiganaji wa Hamas walipoingia Be'eri, Vivian alijificha chumbani mwake, akiandikiana kwa simu na mwanawe Yonatan. Akamwandikia kwamba wameingia ndani ya nyumba. Kwa wiki tano familia iliamini amechukuliwa mateka Gaza, mpaka katikati ya Novemba mabaki yake yalipotambuliwa. Alikuwa na miaka 74. Siku ile waliuawa watu wapatao 1,200 na wengine 251 wakachukuliwa mateka. Vijana wetu wawili wa Kitanzania, waliokwenda kujifunza kilimo, walikufa siku hiyohiyo katika vijiji vya ukanda uleule. Na vita vilivyofuata vimeua makumi ya maelfu ya Wapalestina Gaza, na kati yao watoto wasiohesabika kwa vidole vya ukumbi huu mzima. Sitayaweka mambo haya kwenye mizani leo. Mizani yangu ya mikonge mnaijua.

Ninachotaka mkione ni kile kilichofanywa na Yonatan. Alikuwa ofisa ustawi wa jamii, baba wa watoto watatu. Aliacha kazi, akaingia katika shughuli ya mama yake, akasimama mbele ya watu waliokuwa wakipiga kelele za kisasi kwa jina la watu kama mama yake, akasema kisasi si chake.

Sheikh hapa mbele anatikisa kichwa taratibu, na naujua wasiwasi wake, maana Wapalestina wengi wanao uleule. Wanasema: hizi safari za hospitali ni nzuri, lakini kizuizi bado kipo, na dereva mwema anakifanya kizuizi kionekane kinavumilika. Wana neno la Kiarabu kwa hilo, *tatbi'i*, kulifanya lisilo la kawaida liwe la kawaida. Mimi naona wana hoja. Naona pia kwamba mama mwenye mtoto wa saratani hawezi kusubiri hoja iishe.

Wala msidhani ukinyoosha mkono utapokelewa kwa ndelemo. Robi Damelin, mzaliwa wa Afrika Kusini, mwanawe David aliuawa na mdunguaji wa Kipalestina Machi 2002, akiwa askari wa akiba kizuizini. Yule mdunguaji alipokamatwa, Robi aliandika barua kwa wazazi wake, akiwaambia kuwa anatafuta maridhiano. Wenzake Wapalestina wa jukwaa la wafiwa wakaipeleka kwa mikono. Jibu lilichukua zaidi ya miaka miwili, tena lilitoka kwa muuaji mwenyewe, gerezani. Alimwita mwendawazimu, akamwambia akae mbali na familia yake. Robi akaendelea na kazi. Alishasafiri mpaka Afrika Kusini kuona wenzetu walivyohangaika na ukweli na maridhiano, na wala hakurudi na dawa kwenye chupa.

Madereva nao, wiki chache baada ya Oktoba 7, wakiwa wamezika wenzao, waliwasha magari wakarudi kwenye vizuizi vya Ukingo wa Magharibi. Majirani wengine wa mtaani waliacha kuwasalimia. Kivuko cha Erez, alikokuwa akisubiria Vivian, kilifungwa siku ile ya shambulio.

Karatasi zangu zimeisha. Kiganja nitakiacha hapa mezani, anayetaka kukishika akishike, wino umekauka. Maswali sasa. Wewe uliyekuwa mlangoni, ambaye umekunja mikono tangu nilipotaja Simba na Yanga, anza wewe.